Bwana Hunter na Vifaru wa Machakos

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara kwenda Nairobi, akishapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, hufika mahali paitwapo Kiboko, penye chemchemi ya maji na migunga mirefu. Hapo palijengwa hoteli iliyoitwa Hunter's Lodge. Wengi wetu wa pwani tumepapita mara nyingi tukidhani kwamba jina lile maana yake ni nyumba ya wawindaji tu. Sivyo. Hunter lilikuwa jina la mtu, jina la ukoo wake alilozaliwa nalo. Ikasadifu kwamba kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni mwindaji, na mwenyewe akaja kuwa mwindaji mkubwa kuliko wote waliopata kutajwa katika nyika ya Ukambani.

Leo napenda kuwazungumzia wasomaji habari za mtu huyo. Simsimulii kwa ajili ya kumsifu, wala kwa ajili ya kumlaani. Namsimulia kwa sababu hapana mtu aliyejua kuchagua bunduki na risasi kama yeye, na kwa sababu elimu yake hiyo ilileta huko Machakos jambo ambalo mpaka leo halijapata hukumu.

John Alexander Hunter alizaliwa mwaka 1887 karibu na Dumfries, kusini mwa Uskochi. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mali. Nchi ya kwao ilikuwa na mabwawa na matope mengi, na majira ya baridi mabata bukini walishuka huko kwa maelfu. Mtoto yule alikulia katika matope hayo akibeba bunduki ya marisau ya baba yake. Masomo hayakumwingia sana, lakini kulenga shabaha kulimwingia. Alipokuwa kijana alimpenda mwanamke aliyemzidi umri, na jamaa zake, kwa kuona haya, wakaona afadhali wampeleke mbali. Hivyo mwaka 1908 alishuka Mombasa katika meli, kijana wa miaka ishirini na moja, akapanda gari la moshi kwenda kwa jamaa yake aliyekuwa na shamba karibu na Nairobi. Kule hakukaa sana. Jamaa yule alikuwa mkali na mgomvi, na baada ya muda mfupi Hunter akamwacha, akaingia kazi ya ulinzi wa gari la moshi katika reli ya Uganda.

BUNDUKI YA GARI LA MOSHI

Hapo ndipo uwindaji wake ulipoanza. Siku zile reli ilipita katikati ya wanyama kama njia ipitayo katikati ya soko. Hunter alikuwa amechukua kutoka kwao bunduki ya Mauser yenye tundu la inchi 0.275, yaani milimita 7 hivi. Ni bunduki nyepesi, risasi yake ni ndogo lakini huenda kwa kasi na hunyoka. Akimwona simba au chui kando ya njia, humpa ishara dereva wa gari, gari likasimama, yeye akashuka akapiga, akachuna ngozi, safari ikaendelea. Ngozi ziliuzwa kwa bei nzuri. Abiria, yaonekana, hawakuwa na haraka kama tuliyo nayo siku hizi.

Mara kijana akatambua kwamba mshahara wa reli si kitu mbele ya faida ya ngozi na pembe. Akaacha kazi, akawa mwindaji wa kujitegemea, kisha kiongozi wa matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuja kuwinda. Akamwoa Hilda Banbury, binti wa watu wenye duka la vyombo vya muziki Nairobi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, idara ya wanyama, ambayo mkubwa wake alikuwa Kapteni Ritchie, ilimwita kwa shida iliyokuwa imewapata Wamasai. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi, na mizoga ilipojaa mbugani simba wakashiba na kuzaana. Sotoka ilipokwisha, mizoga ikakosekana, simba wakageukia ng'ombe walio hai. Wamorani waliwakabili kwa mikuki, wakafa vijana wengi. Hunter akaenda, na katika siku tisini aliua simba 88 na chui 10. Malipo yake yalikuwa ngozi zile.

KILA MNYAMA NA RISASI YAKE

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo penye elimu. Mtu asiyejua hudhani bunduki ni bunduki tu, ikilia mnyama huanguka. Hunter hakukubali hivyo. Kwake yeye, kuchagua bunduki kulitangulia kulenga shabaha, na kuchagua risasi kulitangulia kuchagua bunduki.

Ziko risasi za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina ncha laini ya risasi tupu. Ikiingia mwilini huchanua kama uyoga, ikafanya jeraha pana na kutua humo humo. Hiyo yafaa kwa simba na kila mnyama mwenye ngozi nyembamba na nyama laini. Ya pili imevikwa chuma kigumu mwili mzima. Hiyo haichanui, hupenya. Yafaa kwa ndovu, kifaru na nyati, ambao ngozi yao ni nene na mifupa yao kama mawe. Ukimpiga kifaru kwa risasi laini, itachanua juu juu kabla ya kufika moyoni, naye atakujia na jeraha lake. Ukimpiga simba kwa risasi ngumu, huenda ikatoka upande wa pili na kumwacha na nguvu za kukufikia.

Chui ana shauri lake. Chui aliyejeruhiwa hujilaza kimya, kisha huruka kutoka hatua chache, na wakati wa kulenga huwa hakuna. Kwa hiyo mwindaji stadi humfuata na bunduki ya marisau makubwa, kwa sababu marisau hutawanyika na kwa karibu hupiga kama ngumi moja. Na mbweha, ambaye kule Machakos huiba vitoto vya mbuzi na kuku, hahitaji zaidi ya marisau madogo, au mbwa wazuri, au mshale. Mwenye kumpiga mbweha kwa bunduki ya ndovu hataambulia hata mkia.

Kwa wanyama wazito Hunter alipenda bunduki ya mitutu miwili yenye tundu la inchi 0.500, iliyofupishwa mitutu hata inchi 24 ili isinase katika miiba. Uzito wake ulikuwa ratili kumi na zaidi kidogo, karibu kilo tano. Risasi yake moja ina uzito wa gramu 37 hivi. Kwa nini mitutu miwili? Kwa sababu bunduki ya komeo, ile ya kuvutwa nyuma na mbele baada ya kila risasi, hutaka nafasi na wakati, na mlio wa chuma chake humwonyesha mnyama ulipo. Ya mitutu miwili ni kama bunduki mbili katika kitako kimoja. Ya kwanza ikilia, ya pili i tayari pale pale, na mtambo mmoja ukiharibika mwingine u mzima. Katika kichaka ambamo mtu haoni zaidi ya hatua kumi, nusu ya sekunde ndiyo tofauti ya mwindaji na maiti.

Wako waliompinga. Mashuhuri wao ni Mskochi mwenzake, W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Bell aliua ndovu zaidi ya elfu, na wengi wao aliwapiga kwa bunduki ile ile ndogo ya 0.275, kwa risasi ngumu ya gramu 11 tu. Hoja yake ilikuwa kwamba risasi ndogo ikifika kwenye ubongo hufanya kazi kuliko kubwa iliyokosea. Lakini Bell aliwinda zaidi penye uwazi, ndovu wasiozoea bunduki, naye alikuwa amejifunza fuvu la ndovu kama fundi ajuavyo kufuli. Hunter alijua kwamba mtu wa kawaida, jasho likimwingia machoni na mnyama akimjia mbio, hapati ubongo. Apate angalau uzito wa kumsimamisha.

Mimi, kama wengi wa pwani, nilifundishwa chuoni kwamba mwenye kuchinja na anoe kisu chake vizuri asije akamwadhibu mnyama, na kwamba mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kupiga. Nilipozisoma habari za Hunter niliona kwamba kwa jambo hilo moja la kutomtesa mnyama alikuwa mtu wa insafu. Mnyama aliyejeruhiwa hakumwacha, alimfuata hata kwa hatari ya roho yake. Aliona aibu kwa mtu kuingia porini na silaha isiyotosha.

ARDHI YA UKAMBANI

Sasa tuje Machakos yenyewe. Siku hizo wilaya ya Machakos ilikuwa kubwa, na Makueni ilikuwa ndani yake. Makueni ilikatwa ikawa wilaya peke yake mwaka 1992, na leo kila moja ina kaunti yake. Juu ya vilima vya Machakos watu walikuwa wamebanana. Ardhi nzuri iliyozunguka vilima vya Mua ilikuwa imegawiwa walowezi wa Kizungu, na nyanda za Yatta zilihesabiwa mali ya serikali. Watu wakazidi, mifugo ikazidi, na mvua ikachukua udongo mpaka vilima vikabaki vyekundu kama vidonda.

Serikali, badala ya kutazama ni nani aliyechukua nafasi, iliwatazama ng'ombe. Mwaka 1938 iliwakamata mifugo kwa nguvu na kuwauza, na kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kikiwangojea. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa, wake kwa waume, wakimtaka Gavana. Mwishowe ng'ombe walirudishwa, lakini Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Ndiyo, Lamu yetu. Kwa miaka kadhaa kiongozi wa Wakamba aliishi uhamishoni pwani kwa kosa la kutetea ng'ombe wa watu wake.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikikaribia mwisho, na maelfu ya askari Wakamba wakingojewa kurudi kutoka Burma na kwingineko, serikali iliona lazima itafute ardhi. Ikachagua nyika ya Makueni. Nyika ile ilikuwa na mambo mawili yaliyowazuia watu. La kwanza ni mbung'o, anayeua ng'ombe. La pili ni vifaru. Walikuwa wengi mno katika vichaka vya miiba, na vibarua waliopelekwa kufyeka magugu waliwakimbia. Kifaru haoni vizuri, lakini pua yake na masikio yake ni makali, na ndege wake, yule aitwaye askari wa kifaru, humwamsha kwa kelele kabla mtu hajakaribia. Akishtuka hufuata harufu, na katika kichaka hakuna pa kukimbilia.

Hunter, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa idara ya wanyama akikaa Makindu, akapewa amri ya kuwaondoa. Kuwahamisha wanyama wakubwa kwa dawa ya usingizi kulikuwa hakujavumbuliwa. Kuondoa maana yake ilikuwa kuua.

VIFARU 996

Alianza Agosti 1944. Alikuwa na umri wa miaka 57. Alikwenda na wafuata nyayo Wakamba, watu ambao waliweza kusoma jani lililovunjika kama sisi tusomavyo herufi. Naamini bila ya wao bunduki yake nzuri isingalifaa kitu. Wakiingia katika vichochoro vya miiba, wengine kwa kutambaa, wakiupima upepo, mpaka pumzi ya mnyama ikasikika. Kisha mlio mmoja au miwili. Watu wa vijijini walikuja na visu na vikapu, na kabla ya jua kutua palibaki mifupa tu.

Kazi ile ilikwenda hadi mwaka 1946. Hesabu ilipofungwa, vifaru waliouawa kwa mkono wake walikuwa 996. Wanne tu walipungua elfu. Hapana mtu mwingine anayejulikana duniani kuwa ameua vifaru wengi kiasi hicho.

Wasomaji wazingatie jambo moja. Katika miaka hiyo hiyo, Mkamba aliyempiga kifaru mmoja kwa mshale wa sumu alifungwa jela. Sheria ilimhesabu mwizi wa wanyama, na kumkamata ilikuwa ni sehemu ya kazi ya Hunter huyo huyo. Ile sumu twaijua sisi, kwa sababu Wagiriama na jirani zao ni mabingwa wa kuipika, na Wakamba waliinunua kwao tangu zamani za misafara ya pembe. Mshale hauna mlio, bei yake ni ndogo, na sumu ikiwa mpya humwangusha hata ndovu. Kwa mtu asiye na bunduki ulikuwa ndio uchaguzi wa akili. Lakini mshale mmoja ulikuwa jinai, na risasi za serikali zilizoua vifaru 996 zilikuwa maendeleo.

Na pembe? Pembe zilikuwa mali ya serikali, na ghala la serikali la pembe lilikuwa Mombasa. Tusijidanganye kwamba habari hizi ni za bara peke yake. Pembe ya kifaru kwa miaka mingi ilisafiri kutoka pwani hii, nyingine kwa majahazi hadi Yemen, ikachongwa vipini vya majambia, na nyingine hadi Mashariki ya Mbali kuwa dawa. Haja hiyo, ilipochanganyika na fedha za mafuta katika miaka ya 1970, ndiyo iliyowamaliza vifaru wa Kenya kuliko mradi wowote. Yakadiriwa walikuwa 20,000 hivi mwaka 1970. Mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika hata 400. Kenya ilikwisha kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hawakungoja leseni.

Tupime basi. Hunter peke yake, katika wilaya moja, kwa muda wa miaka miwili na ushei, aliua zaidi ya mara mbili ya vifaru wote waliosalia nchini miaka arobaini baadaye. Na vifaru weusi wa Kenya nzima wa miaka hii ya karibuni, baada ya ulinzi mkubwa na gharama kubwa, ni karibu elfu moja, takriban sawa na wale aliowaangusha yeye.

SHAKA YA MWINDAJI

Lililonifanya nimwandike Hunter ni kwamba hakuwa mtu wa kiburi. Katika kitabu chake cha mwaka 1952, kilichoitwa kwa jina lake, aliisimulia kazi ya Makueni kwa ukamilifu, kisha akajiuliza kama ilistahili kuwaua viumbe wa ajabu kama wale ili kupata eka chache zaidi kwa watu wanaoongezeka kila siku. Akakiri kwamba hajui. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga.

Mimi nathubutu kusema kwamba swali lake lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa nusu. Aliwaweka kifaru na Mkamba katika mizani, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kana kwamba hapakuwa na wa tatu. Wa tatu alikuwepo. Ni yule aliyekaa Mua na kwingineko katika ardhi yenye mvua, ambaye hakuna aliyemwomba asogee hata hatua moja. Lau vilima vile visingalichukuliwa, nani angalikuwa na haraka ya kuingia katika nyika ya mbung'o na miiba? Hata baada ya vifaru kwisha, watu walihamia Makueni polepole, kwa kuwa masharti ya serikali juu ya mifugo na kilimo yalikuwa mazito.

Wala haifai kumlaumu mkulima wa Makueni wa leo, ambaye babu yake alipewa shamba pale. Maembe na machungwa ya Makueni yanafika sokoni kwetu Mombasa, na ni riziki ya watu wengi. Nchi ile ililisha watu. Lakini bei yake ililipwa na wasioweza kusema.

Hunter alistaafu akakaa pale Kiboko, kwenye chemchemi, akajenga hoteli yake. Alifariki Juni 1963, mwezi ule ule Kenya ilipopata madaraka ya ndani, miezi sita kabla ya Uhuru. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ameua pia ndovu zaidi ya 1,400. Alizeeka akisikiliza ndege katika migunga, karibu na nyika aliyoifahamu kichaka kwa kichaka, ambayo vifaru wake walikuwa wameondoka.

Tulifundishwa wadogo kwamba kiumbe mwenye roho hafanywi shabaha ya mchezo. Hunter, kwa insafu, hakuua kule Machakos kwa mchezo, aliua kwa amri. Alichagua bunduki iliyofaa, na risasi iliyofaa, na pahali pafaapo pa kupiga. Yote hayo alichagua sawasawa. Jambo moja tu hakulichagua yeye, nalo ni nani afe. Hilo lilichaguliwa mezani Nairobi, na watu wasiopata kusikia pumzi ya kifaru kichakani. Basi siku hizi, tunapoona viongozi wetu wakikata shauri juu ya ndovu wanaovunja mashamba ya Taita, au simba wanaoua mbuzi, tusiwaulize tu silaha gani itatumika. Tuwaulize kwanza ni nani aliyemsukuma mnyama na mwanadamu wakakutana katika kichaka kimoja.